Picha Safi Mnayojivunia

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini nyote ni wazima. Mimi mwili hauna neno, ila nimejaa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako. Kaa chini usome.

Kazi yangu ya kupiga picha za MRI unaijua. Mgonjwa wa kichwa tunamvisha kofia yenye koili nyingi, yaani nyaya za kunasa ishara za mwili, kila koili ikiona upande wake. Zamani alilala ndani ya mashine mpaka achoke. Ilipokuja programu mliyoiunda wewe na wenzako, tukaambiwa tuchukue robo tu ya vipimo: mapengo itayajaza yenyewe kwa kulinganisha koili, na chenga zote itazifuta. Foleni ikapungua, mkuu wa kitengo akatembea kifua mbele. Hata mimi nilikusifu hadi majirani wakanichoka.

Kisha Mama akaanza kuumwa kichwa. Nilimpiga picha mwenyewe, kwa programu yako, ikatoka safi kama sahani iliyooshwa. Daktari akasema hakuna kitu, akampa dawa za maumivu. Baadaye nikamwona anamimina chai nje ya kikombe wala hana habari. Nikataka kumpiga upya, polepole, bila programu. Mkuu akakataa, eti foleni. Nikamjibu anifukuze nikishamaliza.

Picha ikatoka na chenga zake, na nyuma ya sikio la kushoto pana uvimbe kama punje ya dengu. Nikairudia ile ya kwanza. Pale pale pamenyooka kama pamepigwa pasi. Programu yako iliudhania chenga, ikaufuta. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa sikia lililonikalisha kuandika. Ile picha uliyotutumia juzi ukijigamba, mnayoionyesha kwenye mikutano kama mfano wa usafi, haina jina, najua. Lakini niliipiga mimi, nanyi mkaichukua kwenye mashine yetu. Kile ni kichwa cha Mama.

Atapasuliwa Alhamisi. Amenikataza kukuambia. Alisema, "Mwache mwanangu, hakukusudia." Yeye ana huruma, mimi bado. Iondoe picha hiyo, waonyeshe wenzako hii ya pili ninayokutumia, kisha uje.

Nisalimie wifi na watoto. Mama hajui kama nimekuandikia. Akikuuliza kilichokuleta, mwambie umemkumbuka tu.

Ni mimi dada yako, ninayekungoja na hasira zangu.