Mashavu ya Makayabu

Mama Célestine wa kipindi cha afya redioni,

Neno hili sijaambia mutu yeyote, hata mudogo wangu Safi tunayelala naye kitanda kimoja: haya mashavu yangu ambayo mutaa muzima unasifu, niko nayatengeneza mwenyewe, kwa chumvi.

Naomba usinicheke. Tangu utoto mimi ni mwembamba, na baba iko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, basi watu walimuhukumu mama kwa mifupa yangu, hata siku moja kwenye chemchemi Mama Yassine, jirani yetu, akasema mbele ya wote, "Dhahabu ya bwana yako inaishia kwenye vitenge vyako, mutoto iko kama kijiti!" wamama wakacheka, mama naye akajifanya anacheka, lakini njia nzima ya kurudi alitembea mbele, akaniacha nyuma na ndoo yangu. Mwaka jana nilikuwa Kasongo kwa mujomba Raphaël sababu ya masomo, nikavimba uso, mukojo ukawa na povu kama la sabuni, mujomba akanipeleka hospitali, daktari akasema figo zangu zimeumia na hazitarudi kama zamani, ni ugonjwa wa kuishi nao, nimeze vidonge kila siku, niache chumvi, nirudi kupimwa hata nikijisikia vizuri. Uvimbe ulipokwisha mujomba aliona nimepona, akanirudisha huku Lusangi, mama naye akaambiwa hivyo hivyo, na mimi sikumueleza kuwa ugonjwa umebaki. Kwenye masomo naweza kuchora figo na kuandika majina ya sehemu zake zote kwa Kifaransa, lakini kwa Kibangubangu, lugha yetu ya nyumbani, mbele ya mama, sentensi ya kwanza haitoki.

Vidonge viliisha. Kisha siku moja tulikula makayabu, ile samaki ya chumvi, asubuhi nikaamka macho mazito, mashavu yamejaa, na Mama Yassine huyo huyo akapiga kelele, "Eeh! Muangalie! Sasa baba anatuma pesa!" Mama alinishika mukono mpaka nyumbani, akiimba. Nikajiuliza, ni makayabu kweli? Nikaacha chumvi, mashavu yakapungua. Nikaila tena, yakarudi. Tangu pale mama akienda shamba niko naramba chumvi jikoni.

Tena kuna kitu kinanivuta, utasema niko mutu wa ajabu: nikibonyeza muguu kwa kidole gumba, pale juu ya mufupa, shimo linabaki, nami naliangalia linavyojaa polepole, Safi anafikiri niko nasali. Maji hayo yanatoka wapi? Yakikosa njia yanakwenda wapi? Sasa kandambili hazinitoshi, nakojoa kidogo tu, na nikilala chali pumzi inakatika, lazima nikae niegemee ukuta. Mama anasema ni unono. Nikimwambia ukweli, atarudi kwenye chemchemi na uso gani?

Barua hii, kila nikisikia mutu, naifunika na kitabu cha jiografia. Sasa mama anakuja mulangoni, najua vishindo vya miguu yake. Kitabu kiko hapa karibu. Leo nakiacha, barua ibaki wazi.

Mwenye mashavu, Lusangi

*

Mwanangu mwenye mashavu,

Barua yako niliisoma nimesimama, na sikungoja siku ya kipindi. Jibu limerudi kwako kwanza, kwa Ayoubu yule yule wa pikipiki aliyeileta. Redioni tutalisoma baadaye, maana kuna wenye mashavu wengine.

Umeuliza maji yanakwenda wapi. Umeuliza vizuri kuliko wakubwa wengi. Figo zinachuja damu, zinatoa maji na chumvi iliyozidi. Zikichoka, chumvi inabaki ndani na inashika maji, na protini ambayo ingekaa kwenye damu inatoroka na mukojo, ndiyo lile povu. Maji yakikosa njia yanashuka miguuni, yanapanda usoni, yakizidi yanaingia mapafuni. Hiyo pumzi inayokatika ukilala, ni maji yamekufika kifua. Mambo haya ulikaribia kuyagundua peke yako, kwa kidole gumba! Mutu mwenye akili ya kujaribu namna hiyo, kisha anaramba chumvi ili wamama wa chemchemi wafurahi? Kama ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Sasa sikia. Pumzi fupi na mukojo kidogo havingoji kesho. Leo hii unakwenda kituo cha afya, nao wakutume hospitali. Neno la kwanza mulangoni liwe "nina ugonjwa wa figo", kabla mutu hajakupa kidonge au sindano, maana diclofenac na ibuprofène tunazonunua sokoni kwa maumivu zinaumiza figo, na dawa za majani, za kunywa au za kuingiza kwa nyuma, zinaweza kuziumiza pia. Usijaze tumbo maji eti unasafisha. Ukirudi, ugonjwa utabaki, na wewe pia utabaki, ukimeza vidonge bila kuvikatisha na kupimwa tansiyo, ile presha ya damu, na mukojo kwa tarehe utakayopewa. Makayabu waachie wengine. Na siku yoyote uvimbe ukirudi, mukojo ukipungua, ukitapika, au usingizi ukikulemea mchana, usifanye majaribio. Nenda.

Na kwa sababu kitabu ulikiacha, najua hausomi peke yako. Kama mama hasomi, umusomee sauti ya juu hapa.

Dada yangu, mama wa huyu mutoto, hukufanya kosa. Ulimuona mutoto anajaa, ukaimba. Na mimi ningeimba. Lakini ile si nyama, ni maji. Mubonyeze muguu pale juu ya mufupa, uone mwenyewe. Hakukuficha kwa ubaya, alikuwa analinda uso wako. Mama Yassine akisema tena mutoto iko kama kijiti, umujibu, "Ndiyo, na kijiti changu kinapumua."

Vaa kitenge chochote kilicho karibu. Ayoubu iko pale nje na pikipiki ya kuwafikisha kituo cha afya, nimemukataza kuondoka bila nyinyi wawili.

Mama Célestine