Mume Wangu Yuko Hai, Mradi Unasema Amekufa

Mama Prudence, mshauri wetu mpendwa wa redio, mi nakusikilizaka kila Jumanne nikiwa napika, leo ni zamu yangu kulia, naomba unisaidie maana kichwa imevurugika, sijui hata nianzie wapi.

Mi ni mama wa Cibitoke. Mume wangu Massoudi ni fundi wa kuchomelea vyuma, alianguka kutoka juu ya paa la depo kule Quartier Industriel, mgongo ikaharibika, toka hapo hawezi kusimama muda murefu wala kubeba kitu, anashinda nyumbani. Mutoto wetu Houda ana akili ya masomo, Mungu amubariki, ila minerval, ile pesa ya shule, ilitushinda, directeur akamurudisha nyumbani. Sasa kuna shirika hapa mtaani linasomesha watoto, pesa inatoka kwa wafadhili wa Ulaya, nikapeleka jina la mutoto, wakasema watatuma mutu wa kuja kuona familia. Huyo mutu, bwana mmoja anaitwa Landry, akafika siku tuko na matanga ya kaka yake Massoudi, matanga tuliyaweka kwetu sababu sisi ndio tuko na uwanja, wanawake wamejaa kwenye mikeka, mi niko katikati nalia, shemeji alikuwa mutu mwema sana, Landry akainama, akanipa pole, hakuuliza kitu, akaenda. Kumbe ameandika mi ni mjane! Nimekuja kujua Houda amesharudi shuleni, uniforme amepewa, vitabu amepewa, ndipo Madame Joëlla, mkubwa wa shirika, ananiambia, "Pole Mama Houda, mradi huu ni wa wajane na mayatima tu, ujue una bahati." Mi nikanyamaza. Mwaka mzima, mama, nimenyamaza.

Sasa wafadhili wanakuja Jumamosi, wanataka kufika nyumbani kwa kila familia. Nikaenda kumwambia Joëlla ukweli, akashika kichwa, "Yoo! Mama Houda, usiniue! Wakijua watakatia watoto wote msaada. Baba Houda aende kwa ndugu zake Nyakabiga siku hiyo, basi. Si uwongo huo, ni vile tunasemaka kwenye miradi." Mama mkwe naye analia, anasema mmoja nimezika, huyu mnataka kunizikia akiwa hai? Jirani yangu Léoncie anasema we mjinga, watu wanatafuta bahati kama hiyo hawaipati. Na mi ni muislamu, mjane kwetu anakaa eda, mi eda yangu nimekaa wapi na mume analala pembeni yangu? Astaghfirullah!

Lakini anayenivuruga zaidi ni Massoudi mwenyewe. Nilifikiri atanigombeza, akacheka. Akasema, "Waambie nimekufa, mutoto asome. Kwani nikiwa hai naleta nini humu?" Tena sasa amefanya mchezo, nikimpa chai anasema marehemu anashukuru, watoto wanacheka, na mi nacheka, halafu naenda uani nalia, sijui hata nalia nini. Mama, nimufiche mume, ao mutoto arudi kukaa nyumbani? Nifanye nini?

Mama Houda, Cibitoke

*

Mama Houda (majina yote nimeyabadilisha, tulia),

Pole, mwanangu. Sasa nikugombeze. Mwaka mzima unapokea rambirambi za mtu unayempikia! Siku ile Joëlla alipokupa pole ungesema, "Apana Madame, aliyefariki ni shemeji," kosa lingebaki kwa huyo Landry, anayeingia penye matanga na kutoka bila kuuliza nani amefariki. Uliponyamaza likawa lako. Na wafadhili siwaachi. Ukisaidia wajane peke yao, unawafundisha wanawake kuua waume kwa mdomo. Kwani baba mgonjwa na watoto wake si familia?

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonitisha si Jumamosi. Ni huyo mwanamume anayepokea chai na kusema marehemu anashukuru. We unadhani anacheka? Mtu aliyekuwa analisha nyumba, leo anaambiwa mtoto wake anasoma kwa sababu yeye hayupo, na anakubali upesi namna hiyo? Huyo hachezi, mama. Anaanza kuamini. Mzaha huo ukome leo. Kaa naye, mwambie kwa mdomo wako kwamba unamtaka hai, hata kama minerval itakosekana. Muulize ana nini moyoni, na umsikilize mpaka amalize. Akikwambia amechoka kuishi, usimwache peke yake hata kidogo, mwite mtu anayemheshimu, na mwende kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kesho mwende kwa Joëlla wote wawili, polepole na mgongo wake. Mwambieni hamjifichi, na wafadhili waambiwe kabla hawajafika. Anaogopa mradi kukatwa? Utakatwa vizuri zaidi wakigundua wenyewe, na watagundua, Cibitoke hakufichiki mtu. Mgeni atauliza njia tu, ataambiwa, "Kwa Massoudi? Pale." Joëlla aseme tulikosea familia moja, baba yuko hai ila hawezi kazi, tunawaomba msimtoe mtoto. Pengine watakubali. Pengine watakataa, sikudanganyi. Wakikataa, nendeni kwa directeur mkubaliane kulipa kidogo kidogo, na hao ndugu wa Nyakabiga waliotakiwa kumficha, wachange badala ya kumficha.

Jumamosi asubuhi mpigie shati lake pasi. Akae kwenye kiti cha mbele, Houda pembeni yake. Wageni wakiingia wakauliza baba wa mtoto yuko wapi, we funga mdomo. Ajibu mwenyewe.