Kitambaa Juu ya Seva

Alhamisi, Julai 1998. Nyeri.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na Mlima hatujauona wiki nzima. Nimevaa sweta mbili. Nina huzuni, na sitaki kujifanya sina.

Ofisi yetu ya ushirika wa kahawa ina seva moja, kompyuta kuu inayotegemewa na wote. Mama Wairimu, karani wetu, ndiye aliyekuwa akiketi mbele yake kuingiza kilo za wakulima. Vidole vyake vimekakamaa, kuchapa kunamuuma. Ndiyo maana seva ilikuwa na skrini ya picha: alisukuma mausi, akabonyeza, kazi ikaenda.

Baridi ilipoanza mwezi uliopita, mashine nayo ikaanza kuganda kila alasiri, na ofisi nzima ikawa inasimama. Mimi, fundi niliyetoka chuoni juzi tu, nikamwambia meneja kwamba seva haihitaji mapambo. Picha zinaielemea. Tuzitoe, tubaki na maandishi matupu.

Nilijua maana yake kwa Mama Wairimu. Nikasema hivyo hivyo.

Jumatatu nikazitoa. Siku mbili alihangaika na amri za kuchapa, akikosea, akifuta, akiomba msamaha hata kwa mtu wa chai. Jana akaaga, akasema anarudi kijijini Wamagana kulima kabichi zake. Meneja hakumzuia. Mlangoni alinigeukia, akakionyesha kitambaa alichoifumia seva baridi ilipoanza, kikaifunika mbele na nyuma kama kochi la sebuleni.

"Usiitoe hiyo kitambaa, Wanjiku. Hii baridi itaharibu mashine."

Leo alasiri seva imeganda tena.

Haina picha wala mausi, na imeganda.

Nimeinua kitambaa nikagusa nyuma, kwenye feni, nikarudisha mkono haraka kwa joto. Nimekitoa, nikaiacha ipoe, nikaiwasha. Imefanya kazi mpaka tukafunga. Kumbe ilikuwa inakosa hewa tu chini ya kitambaa. Kwa baridi ya Julai hii sikufikiria joto hata kidogo, na kufikiria ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Kesho nitairudisha skrini ya picha na kumweleza meneja kwamba nilikosea. Hilo naliweza.

Kitambaa nimekikunja, kiko hapa mezani. Ni kazi safi, maua madogo madogo, na najua vile vidole vilivyomuuma akikifuma. Jumamosi nitakwenda Wamagana kumwomba arudi. Lakini akiniuliza mashine ilikuwa inaumwa nini, nitamjibu nini?