Vipande vya Msonobari

Honkavaara, tarehe 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na Mama je? Goti lake limepoa, au bado anapanda ngazi kwa kushika ukuta na kukataa fimbo? Mimi mwili hauna neno. Nakula vizuri, nalala vibaya, na baridi ya huku ni ya kugandisha kope mtu akitoka tu kuchukua kuni.

Barua yako ilifika Jumanne, nimeisoma mara nne. Unaniambia nifungashe vitu vyangu nimwache fundi wangu Mzee Kaapo kabla hajaniharibia jina, maana habari zimefika hadi huko Oulu kwamba macho yake yamekwisha na nyumba aliyomjengea Bibi Lempi nusura imuue mwenyewe. Nakujibu kwa kirefu. Tafadhali usimsomee Mama mpaka umeimaliza peke yako.

Tukio lenyewe ni kweli. Bibi Lempi ana miaka themanini na mmoja na anaishi peke yake. Asubuhi moja mwezi uliopita aliamka akakuta mlango haufunguki. Akausukuma, akaupiga bega, wapi. Madirisha nayo yalikuwa yamebanwa. Kuni ziko kibandani, simu kaisahau kwenye sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke kilicho uani. Alikaa kutwa nzima amejifunika mazulia, hadi jirani alipoona bomba lake halitoi moshi akaja na shoka. Vidole viwili vya mguu vilivyoganda vimekatwa hospitalini.

Wewe ni mtu wa bandarini, acha nikueleze kidogo. Nyumba ya magogo huendelea kushuka hata baada ya watu kuhamia. Magogo yanakauka, yanasinyaa, na ukuta unateremka polepole kwa miaka miwili mitatu. Kwa hiyo juu ya kila mlango na dirisha seremala huacha nafasi ya upana wa kiganja, akaijaza nyuzi laini za kitani na kuificha kwa ubao. Ukuta unashukia humo. Nafasi hiyo ikizibwa kwa kitu kigumu, ukuta wote unaukalia mlango.

Basi kijijini wamemaliza maneno. Kwenye kahawa ya kanisani nimesikia mtu akisema Kaapo leo kasahau nafasi, kesho atasahau kuweka mlango wenyewe, na watu wakacheka na mikate yao ya iliki mdomoni. Kazi ya kujenga mnara wa kengele wa kanisa amenyang'anywa. Magogo ya mnara huo aliyakata majira manne ya baridi yaliyopita, akayapanga kivulini, na kila Jumamosi alikuwa akienda kuyageuza kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. Alipoitwa mbele ya wazee wa kanisa alisema maneno machache tu: "Nyumba niliijenga mimi, kosa ni langu." Akaketi, akamaliza kahawa yake.

Baba, Mzee Kaapo hakusahau. Nafasi aliiacha. Mimi ndiye niliyeiziba.

Ilikuwa Juni ya mwaka juzi. Yeye alikwenda kupasuliwa jicho, akaniachia wiki moja nijaze kitani. Kitani kikaisha, na kingine kingefika Alhamisi. Mtahini wangu alikuwa anakuja Jumatano kukagua kazi hiyo ili nipate cheti. Na wewe ulikuwa umenipigia simu kunikumbusha kwamba Tuure wa shangazi amemaliza ufundi wake kwa miaka miwili, na mimi mwaka wa tatu bado nabandua maganda ya miti. Sikulaumu, nakueleza nilivyokuwa. Nilichoka kuambiwa ngoja. Nikakata vipande vya msonobari, nikavigongomea mle vikakaza barabara, nikafunika kwa mbao. Mtahini alisifu kwamba hapaingii hata upepo. Kaapo aliporudi aliniuliza kama nimejaza kitani, nikasema ndiyo.

Nilijiambia nitavitoa kabla ya theluji. Theluji ikaja, mlango ukafunguka vizuri, nikanyamaza. Kila nilipopita kwa Bibi Lempi nilitazama juu ya ule mlango, na kila mara nikajipa wiki nyingine.

Baada ya ajali tulikwenda pamoja kuukagua mlango ule. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Alibandua ubao, akaviona vile vipande, akavitia mfukoni bila neno. Wiki tatu zikapita hivyo. Tulikula meza moja, akawa ananipa chumvi.

Barua yako ndiyo iliyonishinda. Niliipeleka karakana nikamsomea ulivyomwandika, halafu nikasema yote. Aliendelea kunoa shoka. Nikamuuliza mbona hakunitaja.

Akasema, "Ningekutaja, ungejitetea. Nilitaka useme mwenyewe."

"Na nisingesema?"

"Ningengoja. Ila nilikuwa nimeanza kuchoka, binti."

Nitakuficha nini? Nilimkasirikia. Niliona bora angenitukana siku ile ile penye ngazi, akabaki na mnara wake. Nimelia sana, na sehemu ya machozi yale ni hasira, kwa sababu ameningoja kwa gharama ambayo mimi siwezi kumrudishia.

Jana nilikwenda kwa Bibi Lempi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nitie kuni jikoni, kisha akaniambia nisirudi pale hadi atakaponiita mwenyewe. Mtahini nimemwandikia nikimrudishia cheti. Huenda nikaanza upya, mwaka wa kwanza, na maganda ya miti. Kaapo anasema magogo yapo ya kutosha.

Jumapili, baada ya ibada, nitasimama kwenye kahawa niseme mbele ya wote. Tafadhali usije kunichukua. Lakini ukitaka kuja, njoo Jumapili hiyo, ukae meza moja na Mzee Kaapo. Siku hizi anakunywa kahawa peke yake.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, umwambie habari hii taratibu. Majirani wakikuuliza habari zangu, waambie ukweli.

Ni mimi mwanao,
Hilja