Mlima Uliopita Bila Kupingwa

Tanjung Selasih,
Machi 1927

Dada yangu mpendwa Bee Geok,

Salamu zangu zikufikie wewe, Shemeji Yew Chin na wanao wote. Natumai goti lako limetulia tangu mvua zikatike, na kwamba yule jogoo wa Shemeji aliyekuwa akifukuza wageni ameshaingia sufuriani. Mimi ni mzima. Duka la dawa nalo linakwenda. Watu wa mji huu bado wanakohoa, kwa hiyo sina la kulalamika.

Uliniuliza mwaka huu upike nini tutakapokwenda kusafisha kaburi la Mama, bata au nguruwe wa mchuzi wa maharage. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naishia kuchana karatasi kwa hasira. Dada, usipike kitu cha kupeleka Bukit Kenanga. Mlima ule tumenyang'anywa. Kaa chini nikueleze.

Serikali inataka udongo wa kujazia tope la bandarini, ijenge maghala mapya. Udongo uko kila mahali katika nchi hii, lakini mhandisi wao amependa wa kwetu, wa mlima walikolala wazee wetu tangu babu yake hajajua kama kuna nchi upande huu. Yaani Mama, ambaye harufu ya samaki ilikuwa ikimtoa jikoni, akalale chini ya magunia ya samaki wakavu.

Kuuchukua mlima kulihitaji sheria, na sheria hutungwa Barazani. Kati ya waheshimiwa wote wa mle ndani wenye kola ngumu, wa kwetu ni mmoja, Mjomba Kiat Siew, binamu yake Mama. Hatukumchagua sisi. Gavana ndiye aliyemteua, akasema amependezwa na adabu zake. Sasa najua alipendezwa na nini.

Muswada ulipotangazwa, wazee wa koo zetu na akina mama wa sokoni walijaa sebuleni kwa Mjomba. Wazazi wake nao wamezikwa mlima uleule, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi naye. Akatusomea hotuba aliyoiandika, nzuri kweli, mpaka Bibi Poh Lian muuza keki za mchele akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Tukamwuliza ataitoa lini. Akasema muswada husomwa mara tatu: mara ya kwanza ni kukaribishwa tu, ya pili ni kubembelezwa, na ya tatu ndipo mtu aliyelelewa vizuri husema lililo moyoni. Sote tukatikisa vichwa kukubali. Na wewe ungetikisa, Dada. Nyumbani kwetu nani aliwahi kupokea keki mara ya kwanza anapopewa? Mama angemfinya. Hata mimi ninayejidai kuona mbali nilitikisa cha kwangu, nikarudi nyumbani nimetulia.

Siku ya kikao nilifunga duka nikaenda kukaa kwenye viti vya watazamaji. Kiingereza changu, kama ujuavyo, nilijifunza kwa kusoma vibandiko vya chupa za dawa, na kwa Baraza kinatosha kabisa. Huko pia maneno ni marefu na kilichomo ndani ni maji na sukari.

Walianza kwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ambazo sikuona aliyezifungua. Zikawekwa mezani ripoti za idara, zikalala hapo. Kisha ukaja muswada wa mbwa, kama wafungwe midomo wanapotembezwa ufukweni au wasifungwe. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza alisimama kumtetea mbwa wake kwa uchungu ambao sijausikia hata misibani. Mwingine akampinga, wa tatu akaleta marekebisho, wakabishana mpaka jagi la maji likajazwa upya.

Baada ya mbwa, mlima. Mara ya kwanza ulikuwa umeshasomwa kikao cha nyuma, na kusoma kwenyewe ni karani kusimama, kutaja jina la muswada, na kukaa. Sasa ikawa mara ya pili. Mwanasheria wa Serikali alisema huu ni muswada mdogo, wa kawaida, hauna ubishi. Katibu wa Serikali akamwunga mkono. Gavana akauliza kama kuna anayetaka kusema, akatazama kulia, akatazama kushoto. Mjomba akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu, vilevile anavyofanya akisogezewa sahani ya kwanza harusini. Vifungu vikapitishwa kimoja kimoja, kama dobi anayetaja mashati. Nikajisemea moyoni, haya, kikao kijacho ni mara ya tatu, hapo Mjomba atawaka.

Kikao kijacho kiko wapi? Mwanasheria alisimama palepale, akaomba kwamba kwa kuwa hakuna aliyepinga, kanuni ziwekwe kando na muswada usomwe mara ya tatu sasa hivi. Karani akasimama, akataja jina, akakaa. Gavana akasema umepita. Mimi nachelewa zaidi kuziba chupa ya mafuta ya karafuu. Mkono wa Mjomba ulikuwa bado unatafuta mfuko wa koti. Ndipo akasimama, karatasi mkononi.

Gavana alimtazama kwa upole.

"Mheshimiwa anataka turudi kwenye mbwa?"

Wakacheka. Walicheka vizuri tu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

"Hapana, Mtukufu," akasema Mjomba. "Asante sana."

Akakaa.

Nje, watu walikuwa wakimngoja kwenye ngazi. Bibi Poh Lian hakumpisha. Alimwambia, "Kimya chako tu kimekula mlima mzima, Baba. Siku ukikohoa si tutahama mji?" Mjomba akavua kofia akamwamkia, akapita.

Jioni alinijia dukani kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Nilimwambia mbwa wa Waingereza wana mtetezi, Mama hana. Alisikiliza yote, amekaa juu ya kasha la sabuni.

"Gavana hakuniuliza tena, Teck Liang," akasema mwishowe. "Hata mara ya pili hakuniuliza."

"Ile haikuwa karamu, Mjomba," nikamwambia. "Au kama ilikuwa karamu, sisi ndio tulikuwa chakula."

Sheria yao ilitupa mpaka mwisho wa mwezi huu kuhamisha wafu wetu. Watakaobaki watatolewa na vibarua wa mkandarasi. Walitupatia na makaburi mapya, kwenye tope ambalo maji ya bahari huingia na kutoka yanavyotaka. Na vibarua walianzia upande wa chini wa mlima, upande wa Mama.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mstari wa kwanza. Dada, sikukungoja. Najua mtoto wa kwanza ndiye anayepiga jembe la kwanza, na mtoto wa kwanza ni wewe. Nililipiga mimi. Mpiga ramli alisema siku ile si nzuri wala si mbaya, nikaichukua hivyohivyo. Mjomba nilimwuliza mara moja tu kama atakuja kushika mwavuli jua lisiguse mifupa, na alikubali kabla sijafunga mdomo. Aliushika asubuhi nzima, kichwa chake mwenyewe kikiungua. Kisha akatoa ile hotuba, akamsomea Mama yote, kwa Kiingereza, ambacho Mama hakujua hata neno. Mimi hasira zilikuwa hazijaisha. Niliendelea kuosha.

Nimemwosha kwa mvinyo wa mchele, nikampanga mtungini kuanzia miguu mpaka kichwa, ameketi vizuri. Bangili yake ya jade, ile ya jiwe la kijani, nimeiacha humo. Usiitoe, hata shangazi zetu wakiulizia.

Hicho alichopakata Mjomba hapo mbele yako, kilichofungwa kitambaa chekundu, ni Mama. Nilimwagiza akupe barua kwanza na asitamke neno mpaka umalize kusoma. Kazi hiyo anaiweza, kama ulivyoona. Kiti cha Baraza amekirudisha, nao wamemwandikia kumshukuru kwa adabu zake.

Nakuomba Mama alazwe kwenye kile kipande cha juu cha shamba lenu la miti ya mpira, pasipofika maji. Shimo achimbe Mjomba, na Shemeji asimletee kibarua. Kosa langu la kutokungoja naomba unisamehe hapahapa kwenye karatasi. Lake usimsamehe mpaka aombe mwenyewe, kwa mdomo, na kwa sauti.

Nisalimie Shemeji, na wapwa zangu wote hapo nyumbani wape mkono wangu. Goti lako lipakwe yale mafuta niliyoyatia kwenye kikapu, asubuhi na jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Teck Liang