Beringi za Skuta ya Kivuva

Matiliku,
Makueni.
18 Agosti 2024

Mwanangu mpendwa Mutisya,

Hujambo, na mkeo Wariara hajambo? Watoto wamepona kile kikohozi cha vumbi la Moyale? Sisi huku tunaendelea. Goti langu bado linanisumbua nikipanda kutoka mtoni, lakini nalala na ninaamka, namshukuru Mungu. Mvua ilikatika mapema. Ndengu tumepata kidogo, mbaazi ndizo zimejitahidi.

Barua hii nimempa Sharmarke, yule dereva wa lori anayepitia mji wa Salama akija huko kwenu. Nimeandika kwa sababu kila nikitaja jina la Kalekye, mke wa ndugu yako, kwa simu unaniambia mtandao ni mbaya. Nimeiandika kwa Kiswahili ili Wariara naye aisome. Tafadhali usiikunje kabla ya kufika mwisho.

Unakumbuka jinsi ile skuta kuukuu ya baba yenu ilivyokuwa ikilia miezi ya mwisho ya ndugu yako. Ule mlio wa kusaga, chini kwenye injini. Kivuva alikuwa akicheka na kusema mzee ana kifua. Sasa nikuambie jambo. Tangu tumzike, miaka yote hii, nimekuwa nikiusikia. Siyo ndoto. Jioni nikipepeta nafaka nje, unapanda kutoka upande wa mto, unafika langoni, unanyamaza. Nimeenda kufungua lango mara nyingi sana, mwanangu, na hakuna mtu. Sikumwambia yeyote, mpaka siku moja Kalekye aliweka sufuria chini, akasimama wima, akaniuliza, "Mwaitu, mama yangu, hata wewe umesikia?"

Skuta yenyewe ilikuwa stoo, imefunikwa magunia, vile vijana walivyoileta siku ya ajali. Kalekye akasema haiwezi kukaa mle vile, tuitengeneze au tuiuze chuma chakavu. Nilikataa. Ukweli ni kwamba bado sikuwa nikimwamini. Unajua yaliyosemwa: kwamba alirudi kwao Kabati baada ya kukosana na mumewe, Kivuva akamfuata, akafukuzwa kwa maneno machungu, na wakati wa kurudi akajitupa mwenyewe kwenye ule mteremko. Ilikuwa mchana, barabara kavu, hakuna gari lililomgonga. Kalekye aliapa kwamba walipatana, na kwamba Kivuva alikuwa anarudi kutayarisha nyumba amchukue kesho yake. Nani alimsikiliza? Wewe ulimwambia kaburini, mbele ya watu, "Wewe ndiye unajua ulimwambia nini." Na bado alibaki hapa kwangu na watoto, akinichotea maji.

Mwezi wa sita nilikubali. Tulipeleka skuta Salama kwa fundi Gathua, tukakaa kwenye benchi lake. Alijaribu kuipiga kiki, kiki ikakataa kushuka. Akainua nyuma, akaangalia tairi kwa muda mrefu.

"Mama, kuja uone," akaniita.

Tairi lilikuwa na meno yake yote, isipokuwa mahali pamoja palipoliwa hadi nyuzi, pana kama kiganja.

"Hii gurudumu ilisimama na skuta bado inaenda," akasema. "Lami ilikula hapa peke yake."

Kisha akafungua injini. Beringi ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani, inayoshika krenki, mhimili wa injini, ili izunguke vizuri. Moja ilikuwa imepasuka. Gololi zilikuwa zimetoka mahali pake, vipande vimejibana kando, chuma kimekuwa cha buluu kwa moto. Gathua alieleza kwamba ndiyo iliyokuwa ikilia muda wote ule. Siku ile ilishika ghafla, injini ikagoma, na gurudumu la nyuma likagoma nayo. Kwenye mteremko hakuna mtu angeweza kuishikilia.

Kalekye akamuuliza, "Alipata nafasi ya kujua?"

Fundi alipangusa mikono kwa kitambaa, akairudia tena na tena. "Pengine ya kushika klachi," akasema. "Si zaidi."

Kalekye hakulia. Aliokota zile gololi, akazishika, akanigeukia. Nilingoja aniambie yote aliyostahili kuniambia. Akasema tu, "Mwaitu, tununue mpya."

Beringi mpya zilitoka Nairobi. Ubah, yule mama mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, alikubali ziwekwe kwenye friza yake kati ya soda na maziwa ya ngamia, ili zisinyae kidogo. Gathua naye akapasha moto kasha la injini kwenye jiko la makaa hadi tone la maji likarukaruka juu yake. Nilidhani atatumia nyundo. Hapana. Ziliingia zenyewe, tak, zikakaa. Alipofunga krenki aliizungusha kwa kidole kimoja, na haikutoa sauti yoyote. Wao walifurahi. Mimi ilibidi nitoke nje. Nilihisi kama Kivuva amenyamazishwa mara ya pili.

Juzi Kalekye alinipakia nyuma, tukaenda hadi kwao Kabati. Ndiyo, mimi na goti langu. Kwenye ule mteremko alizima injini, tukashuka. Nilidhani nitaona kitu. Palikuwa na nyasi, na mbuzi wawili wa watu. Kwao, mama yake alitupikia muthokoi, akatuonyesha kiti alichokalia Kivuva siku ile. Akasema Kivuva alikula akaongeza, akaomba afungiwe chakula kingine cha watoto. Miaka yote hii yule mama alikuwa na habari hiyo, na hakuna aliyemuuliza.

Sikuandikii ili nikushtaki. Mimi nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, na ilinisaidia kuamka asubuhi. Sasa nimebaki na vipande vya chuma, na hasira yangu inazunguka nyumba nzima ikitafuta pa kukaa. Inatisha kuliko ule mlio. Najua itakuja kwako pia ukimaliza kusoma, ndiyo maana nataka Wariara awe karibu.

Mpigie Kalekye. Usianze na kuomba msamaha, ataona haya na kukata. Muulize kwanza watoto wamekula nini.

Wasalimie Wariara na wajukuu wangu, kila mmoja kwa jina lake. Shangazi yako Ndululu anakusalimu, na Kyule wa duka anauliza kama utakuja Disemba. Mungu akulinde kwenye barabara zote unazopita, za mchana na kavu pia.

Ni mimi nikupendaye tangu kabla hujapewa jina,

Mama