Nilipiga Simu Kabla ya Ukaguzi

Alhamisi. Joto la leo halina adabu. Hapa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, feni inazungusha joto lilelile. Nimeoga mara mbili tangu nitoke kazini na bado najiona mchafu.

Niseme tu ukweli. Leo nimefanya ukaguzi wa uongo, na aliyeuharibu ni mimi mwenyewe.

Mimi ni afisa manunuzi kwenye kiwanda cha sufuria. Alumini tunayoyeyusha tunainunua kwa wauza skrepa wa Gerezani, na mkubwa wao ni Mama Shirima. Sasa tumepata mteja mwenye masharti: kabla ya kusaini, anataka kujua wanaotuuzia wanawatunzaje wafanyakazi wao. Wana vifaa vya kujikinga? Au wanachoma nyaya uani, plastiki iungue ibaki alumini, moshi wote uishie vifuani mwao? Meneja alinipa fomu akaniambia niende kwa kushtukiza.

Kushtukiza, jamani. Mama Shirima alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi yangu. Alimfukuza mpishi aliyechelewa, na siku yenyewe alinifunga zipu ya gauni kwa mkono wake. Mtu kama huyo unamtokeaje na fomu bila hata hodi? Mama yangu mzazi angenikana.

Basi jana nikampigia. Nikamwamkia, nikamwambia kesho nitapita kidogo kikazi. Akasema karibu sana mwanangu. Nilikata simu najiona nina malezi.

Leo nimekuta ua umefagiliwa hadi mchanga una mistari. Hakuna moshi. Wanawake sita wanaochambua vyuma wamevaa glovu na mabuti mapya, wamekaa kama wanasubiri kupigwa picha. Nikaanza kuweka tiki, moja baada ya nyingine, nikiwa na furaha kabisa.

Halafu nikaziona glovu za Zuhura, yule mrefu anayekaa karibu na mzani. Zilikuwa bado zimeunganishwa kwa uzi wa dukani. Mikono yake miwili ilikuwa inakwenda pamoja kama ya mahabusu. Nilidhani amesahau kuukata.

Mama Shirima akanikaribisha ndani kula ndizi nyama. Nilikubali, na hilo pia ni kosa langu. Mwenyewe akatoka nje kupokea simu, na Zuhura akaja kuninawisha. Ili ashike jagi ilibidi avue glovu. Vidole vyake vina makovu ya moto ya zamani, na kidonda kimoja kibichi kabisa. Maji yalikuwa yanamwagika mikononi mwangu na mimi siwezi kumwangalia usoni. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakukata ule uzi.

"Tumekatazwa, dada. Jioni zinarudi dukani Kariakoo," akasema. Akanipa taulo. "Wewe njoo siku ambayo hujapiga simu."

Nilikula. Sijui nilikula nini.

Meneja anataka fomu kesho saa tatu asubuhi. Nikiiacha na tiki zake, mkataba unapita, na Zuhura anarudi kwenye moto akiwa na karatasi yangu inayosema yuko salama. Nikiandika nilichokiona, huenda tukaacha kununua pale, na wale sita wakaenda nyumbani. Naizunguka fomu hii tangu saa kumi na mbili jioni. Naogopa. Naiogopea kazi yangu, na zaidi namwogopa Mama Shirima akijua.

Chini kabisa ya fomu kuna swali ambalo mchana niliruka makusudi: mkaguliwa alipewa taarifa kabla? Nikijibu ndiyo, ukaguzi unafutwa, unarudiwa. Na meneja hatahitaji kuuliza nani alitoa taarifa.

Mama Shirima ametuma ujumbe sasa hivi. Anauliza kama nilifika salama, na kama fomu imekaa vizuri. Ananipenda kweli, na hilo ndilo linaloniumiza. Huenda hata yeye anaamini hizo glovu za kuazima ni heshima aliyonifanyia mimi mgeni wake.

Nimeilaza simu kifudifudi, nikaivuta fomu.

Kwenye lile swali la chini nimeandika Ndiyo, kwa peni, nikaongeza jina langu pembeni. Meneja akiniachia kazi hii, Jumatatu narudi Gerezani. Simu naiacha nyumbani.